Kiingereza cha sanaa na burudani kwa mwenye Kiitaliano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale ambao Kiitaliano kiliwatangulia Kiingereza: watoto wa Waswahili waliosomea Italia, vijana wa Malindi, Watamu na Kiwengwa walioshika Kiitaliano kwa kuzungumza na wageni, na walimu wetu wanaowafundisha Waitaliano Kiingereza. Huna haja ya kusoma kuanzia juu hadi chini. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa.

## Ya kuanzia

Anayejua Kiitaliano si ameshajua nusu ya maneno haya?

Ndiyo, na hapo ndipo penye shida. Opera ilizaliwa Firenze karibu na mwaka 1600. Piano ilibuniwa mji huohuo na Bartolomeo Cristofori, karibu na 1700. Jumba la La Scala la Milano lilifunguliwa 1778, na mpaka leo waimbaji wa dunia nzima wanatamani kusimama pale. Kiingereza kilipohitaji majina ya mambo haya kilichukua ya Kiitaliano: *soprano*, *libretto*, *solo*, *finale*, *fresco*, *virtuoso*. Mwitaliano akifungua kitabu cha Kiingereza cha muziki anajiona yuko kwao.

Lakini maneno hayo hayakubaki yalivyokuwa. Mengine yamepunguza maana, mengine yamepata maana mpya, na mengine yanafanana kwa sura tu. Mwanafunzi asiyejua neno huuliza au hufungua kamusi, ila anayedhani analijua hulitumia bila wasiwasi, tena mbele za watu. Kwa hiyo neno geni lisikutishe. La kuogopa ni lile unalolitambua.

Nianze na maneno yapi?

Anza na majina ya watu na kazi zao kabla ya majina ya vitu. Ndiyo yanayovuruga kuliko yote, na ndiyo utakayoyahitaji kwanza ukijitambulisha au ukiandika wasifu wa kuombea kazi (tazama swali la *direttore* na swali la *animatore*).

Kisha shika sanaa moja unayoipenda kweli. Mpiga gitaa akianza na nyuzi, kodi za muziki (*chords*) na mazoezi ya bendi atayatumia maneno hayo jioni hiyohiyo, kwa hiyo hayatampotea. Ukitaka kujipima, orodha ya msamiati ya mtihani wa Cambridge wa B1 Preliminary ina kundi zima la burudani na vyombo vya habari.

Daftari la msamiati nilipange vipi?

Safu mbili, Kiitaliano huku na Kiingereza kule, hazimtoshi mwenye Kiitaliano. Weka tatu: neno la Kiitaliano, neno sahihi la Kiingereza, na lile la Kiingereza linalofanana nalo pamoja na maana yake halisi. Mstari mmoja utakuwa hivi:

*libreria* — *bookshop* — si *library*! *Library* ni *biblioteca*, maktaba.

Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo watu wanaiacha kwa uvivu. Na usiandike neno peke yake, andika sentensi ambayo ungeisema wewe.

Maneno mangapi kwa siku?

Machache ambayo utayatamka leo kwa sauti. Orodha ndefu ya usiku mmoja haikai.

Nifuate Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Chagua kimoja cha kuzungumzia, lakini uvitambue vyote viwili, kwa sababu katika sanaa tofauti ni kubwa kuliko kwenye maongezi ya kawaida. Mapumziko ya katikati ya onyesho, *intervallo*, ni *interval* London na *intermission* New York. Viti vya chini mbele ya jukwaa, *platea*, ni *stalls* London na *orchestra* New York, kwa hiyo aliyeuziwa tiketi ya *orchestra* hatakaa na wapiga ala. *Mezzanine*, neno lililotoka Italia kwa maana ya ghorofa ndogo ya katikati, kwa Mmarekani ni viti vya roshani ya kwanza. Katika muziki tofauti ni kubwa zaidi, na ina swali lake chini.

## Jukwaani na ukumbini

Kwa nini *direttore*, *conduttore* na *regista* vinachanganya hivi?

Kwa sababu majina yamebadilishana viti. Anayesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi Waitaliano humwita *direttore d'orchestra*, na Waingereza humwita *conductor*. Anayeongoza kipindi cha televisheni Italia ni *conduttore*. Kwa Kiingereza ni *presenter* au *host*. Na mwongozaji wa filamu au mchezo wa kuigiza, *regista*, kwa Kiingereza ndiye *director*. Ukimwambia Mwingereza kwamba mjomba wako ni *conductor* kwenye televisheni, atamfikiria mtu wa muziki. Nje ya ukumbi neno hilohilo ni kondakta wa basi, na hilo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam halihitaji maelezo.

Wapo na wengine wa kundi hili. *Editore* ni mchapishaji, *publisher*. *Editor* wa Kiingereza ni mhariri wa gazeti au kitabu, na kwenye filamu ni mtu wa *montaggio*, yule anayekata na kuunganisha picha. *Comparsa*, mtu wa kupita nyuma ya waigizaji wakuu, ni *extra*. *Controfigura*, anayeruka kwenye gari badala ya nyota wa filamu, ni *stunt double*. Hawa wawili wa mwisho hawana mwenzao wa kufanana naye, na ndiyo maana wanafunzi hawawakosei kamwe.

*Play* ina maana ngapi jamani?

Kwa Mwitaliano ni vitenzi vitatu: *suonare* kwa ala, *giocare* kwa michezo, *recitare* kwa kuigiza. Kiingereza vyote kinavibeba kwa kimoja: *play the guitar*, *play cards*, *play a part*.

Hapa mwenye Kiswahili ana nafuu. Sisi nasi tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza kwenye filamu, na mchezo unaweza kuwa wa mpira au wa kuigiza. Tofauti ni kwamba ala tunazipiga, na ngoma tunaicheza wakati Mwingereza anatumia *dance*. Ukimfundisha mtoto aliyekulia Italia, mpitishe kwenye Kiswahili cha nyumbani na utaona anavyoelewa haraka.

Kama nomino, *a play* ni tamthilia. Kiitaliano huita tamthilia *commedia* hata isipochekesha sana, lakini *comedy* ya Kiingereza lazima ichekeshe. Na *recite* si kuigiza. Ni kughani au kusema shairi kwa kichwa, kwa hiyo mwigizaji *acts*, na mtoto wa darasa la pili *recites a poem*.

*Stage*, *prova* na *replica* ni nini hasa?

*Stage* kwa Kiingereza ni jukwaa. Italia neno hilohilo, likitamkwa kwa lafudhi ya Kifaransa, ni mafunzo ya kazi ya muda, yale Waingereza wanayoyaita *internship*. Kijana aliyeandika kwenye wasifu wake kwamba amefanya *a stage in a theatre* anadhani ametaja mafunzo, na msomaji wa London anabaki kujiuliza kama alijenga jukwaa. Jukwaa kwa Kiitaliano ni *palcoscenico*, na *palco* ni kile kibanda cha watazamaji ukutani, ambacho Waingereza wanakiita *box*.

*Prova* ni mazoezi, *rehearsal*, na yale ya mwisho yenye mavazi kamili ni *dress rehearsal*. *Proof* ni ushahidi. *Replica* kwenye ukumbi wa Italia ni onyesho lile lile linaporudiwa siku nyingine, na kwenye televisheni ni kipindi cha marudio. Kwa Kiingereza *replica* ni nakala ya kitu, kwa mfano upanga wa bandia. Unachotafuta ni *another performance*, au *repeat* kwa televisheni.

Nimepata tiketi ya ukumbi wa London. Nisaidie kuisoma.

Tiketi nyingi huwa na maneno ya namna hii:

STALLS, ROW F, SEAT 12
DOORS 6.45 PM, CURTAIN UP 7.30 PM
RUNNING TIME 2 HRS 20 MINS INCLUDING INTERVAL
LATECOMERS MAY NOT BE ADMITTED

Unakaa chini, mstari wa F, kiti cha 12. Milango inafunguliwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, na pazia linafunguliwa saa moja na nusu usiku. Onyesho ni la saa mbili na dakika ishirini, mapumziko yakiwemo. Mstari wa mwisho uuchukulie kwa uzito: *may not be admitted* maana yake ukichelewa unaweza kuzuiwa usiingie, na wengi huzuiwa mpaka sehemu ya kwanza iishe.

Tiketi uliinunua *box office*, yaani *botteghino*, jina ambalo pia hutumika kwa mapato ya filamu. *Box* tumeiona juu. Kwa Mwitaliano wa leo *box* ni gereji ya gari, kwa hiyo mwonye mapema. Ukiambiwa umepata viti vya *the gods*, umepelekwa juu kabisa chini ya dari, kule ambako Milano wanakuita *loggione*. Ni bei nafuu, na mara nyingi ndiko kwenye watazamaji wanaoujua muziki kwelikweli.

Onyesho likiisha nipige kelele gani?

Italia *bravo* ni kwa mwanamume mmoja, *brava* kwa mwanamke, *bravi* kwa wengi, *brave* kwa wanawake wengi. Kwa Waingereza *bravo* humtosha kila mtu, ingawa wapenzi wa opera hupenda kuonyesha kwamba wanajua tofauti. Ukitaka warudie, Mwitaliano huita *bis!*, Mwingereza huita *encore!*, neno la Kifaransa.

Kabla ya onyesho usimtakie mwigizaji wa Kiingereza *good luck*. Mwambie *break a leg*, yaani avunjike mguu. Ndiyo heri yao, kama *in bocca al lupo* ilivyo kwa Waitaliano. Miko haifanani: wasanii wa Italia hawapendi rangi ya zambarau ukumbini, na wa Uingereza hawataji jina la *Macbeth* nyuma ya jukwaa, wanasema *the Scottish play*. Ukiingia kufanya kazi na kundi lolote, haya yajue kabla ya msamiati mwingine.

## Muziki

*Do* ni ipi kwa Kiingereza?

Kwa Mwitaliano *do* ni sauti moja isiyohama. Mpangilio ni huu: *do* C, *re* D, *mi* E, *fa* F, *sol* G, *la* A, *si* B. *Diesis* ni *sharp*, *bemolle* ni *flat*, hivyo *si bemolle maggiore* ni *B flat major*. Ukariri kwa kuanzia *la*, maana A yao haianzi pale *do* yako inapoanzia.

Mwanakwaya wa kwetu ana mzigo wa ziada. Kwaya nyingi za makanisa Afrika Mashariki husoma *tonic sol-fa* iliyoletwa na wamisionari, na humo *do* huhama: wimbo ukiwa kwenye G, basi *do* ni G. Tena sisi tunasema *ti*, si *si*, kwa sababu Waingereza wa karne ya 19 waliibadilisha ili kila sauti iwe na herufi yake ya mwanzo na isigongane na *sol*. Sasa mtu huyo akiingia kwaya ya Bologna, akaambiwa aimbe *do*, anatoa sauti ya msingi ya wimbo huku wenzake wanatoa C. Si kwamba sikio lake ni bovu. Mifumo ni miwili, na ya tatu ni herufi za Kiingereza. Dawa ni kuuliza mara moja: *do* yenu inahama au haihami? Ukishajua, herufi zinakuwa rahisi, kwa kuwa zenyewe hazihami kamwe.

Maneno ya Kiitaliano yaliyomo kwenye muziki wa Kiingereza yana maana ileile?

Yaliyoandikwa ndani ya karatasi ya muziki, kama *piano*, *forte*, *crescendo* na *da capo*, ndiyo. Ila kwenye mazungumzo Waingereza hawayatumii sana: karatasi imeandikwa *da capo*, lakini kiongozi atasema *from the top*.

Majina ya ala, sauti na alama ni hadithi nyingine. Filimbi ile ndogo kali ya okestra Waingereza huiita *piccolo*, ambalo kwa Mwitaliano ni “dogo” tu, kwa kuwa jina la Kiitaliano la ala yenyewe ni *ottavino*. *Alto* kwa Kiitaliano ni kitu kirefu au cha juu, lakini kwenye kwaya ya Kiingereza ni sauti ya chini ya wanawake, *contralto*. *Fermata* kwa Mwitaliano ni kituo cha basi. Kwa Mmarekani ni ile alama ya kuishikilia nota, ambayo Italia inaitwa *corona* na Uingereza *pause*. *Tempo* ya Kiitaliano ni wakati, tena ni hali ya hewa. Ya Kiingereza ni kasi ya muziki basi. Na *piano* kwa Mwitaliano ni ghorofa, ni mpango, ni polepole. Ala yenyewe jina lake kamili ni *pianoforte*.

Urefu wa nota unaitwaje?

Hapa Mmarekani ndiye rafiki yako. Yeye anagawa kwa hesabu: *whole note*, *half note*, *quarter note*, *eighth note*. Mwingereza anasema *semibreve*, *minim*, *crotchet*, *quaver*. Mwitaliano ana *semibreve*, *minima*, *semiminima*, *croma*. Mbili za mwanzo zinalingana na za Uingereza vizuri. Kisha unategwa: *croma* inafanana na *crotchet* kwa sura, kumbe ni *quaver*, nusu yake. Mtu mzima mwenye miaka mingi ya muziki anaweza kupotea hapo.

Na kwenye bendi ya kawaida?

*Batteria* ni *drums*, kwa sababu *battery* ni betri. *Accordo* ni *chord*. *Accordion* ni ala nyingine kabisa, *fisarmonica*. *Archi* ni *strings*. Maneno ya wimbo, *testo*, ni *lyrics*, na *la lirica* kwa Mwitaliano ni opera. *Cantautore*, mtu anayetunga na kuimba nyimbo zake, ni *singer-songwriter*. Chuo cha muziki, *conservatorio*, Uingereza ni *conservatoire* na Marekani *conservatory*. Ukimwambia Mwingereza unasoma kwenye *conservatory*, atafikiri unasomea kwenye chumba cha vioo kilichoongezwa nyuma ya nyumba.

## Filamu na televisheni

Kwa nini Waitaliano wanaona filamu nyingi za Kiingereza na bado hawaokoti maneno?

Kwa sababu hawazisikii kwa Kiingereza. Tangu miaka ya 1930 Italia imekuwa ikiingiza sauti za Kiitaliano kwenye filamu za nje, na waigizaji wa sauti wake ni mabingwa wanaoheshimika. Nyota wa Hollywood anaweza kuwa na sauti moja ya Kiitaliano kwa miaka mingi, na watu wakaipenda kuliko yake. Ni sanaa kamili, lakini inamnyima mwanafunzi saa nyingi za kusikiliza.

Tafuta maonyesho yaliyoandikwa *versione originale*. Ukitazama nyumbani, weka sauti ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza pia. Ukiweka ya Kiitaliano, macho yatasoma na masikio yatalala. Kuingiza sauti ni *dubbing*, na maandishi ya chini ni *subtitles*.

*Fiction*, *spot*, *talent*, *smoking*: haya si Kiingereza tayari?

Ni Kiingereza cha Italia. Mwingereza hayaelewi hivyo. *Fiction* kwenye televisheni ya Italia ni tamthilia ya mfululizo, *TV drama*, wakati kwa Kiingereza ni hadithi yoyote ya kubuni, hata kitabu. *Spot* ni tangazo la biashara, *advert* au *commercial*. *Un talent* ni shindano la vipaji, *talent show*, na *un reality* ni *reality show*. Kiingereza hakikati neno la pili. *Videoclip* ni *music video*. *Happy end* ni *happy ending*. *I big* wa tamasha la Sanremo, lililoanza 1951, ni *stars* au *big names*. *Smoking* ni suti nyeusi ya sherehe, *dinner jacket* au *tuxedo*. *Luna park* ni *funfair*.

Kundi hili nalipa uzito kuliko yote ya filamu. Mwanafunzi hana namna ya kulishuku, maana neno limevaa nguo za Kiingereza. Lipe ukurasa wake daftarini.

Maneno ya kamera?

*Camera* ya Kiitaliano ni chumba. Ya kupigia picha ni *macchina fotografica*, na ya video ni *telecamera*. Kiingereza huziita zote *camera*. *Primo piano* ni *close-up*, uso ukijaa kwenye skrini. *Ripresa* ni *shot*, na jaribio moja la kupiga picha ni *take*. *Montaggio* ni *editing*. *Montage* ya Kiingereza ni kipande kimoja tu cha filamu, kile cha picha fupi fupi zinazofuatana kuonyesha muda unapita. *Colonna sonora* ni *soundtrack*. *Sceneggiatura* ni *screenplay*.

## Makumbusho, uchoraji na vitabu

*Cinquecento* ni karne ya 15 au ya 16?

Ya 16. Mwitaliano huhesabu kwa mamia: *Quattrocento* ni miaka ya 1400, *Cinquecento* ya 1500, *Settecento* ya 1700. Kwa Kiingereza, kama kwa Kiswahili, karne inapanda namba moja: *Quattrocento* ni *the fifteenth century*, karne ya 15. Waongoza watalii huteleza hapa kila siku, na mgeni anaondoka akiamini mchoro una miaka mia moja zaidi au pungufu. Ukiwa na haraka sema *the fourteen hundreds*. Ni Kiingereza sahihi na hakina hesabu.

Majina ya wachoraji nayo hubadilika: *Raffaello* ni *Raphael*, *Tiziano* ni *Titian*. *Rinascimento* ni *Renaissance*, kwa Kifaransa. *La Gioconda* ni *the Mona Lisa*.

Niliona neno *cartoon* chini ya mchoro wa Leonardo. Ni kosa?

Si kosa. *Cartone* ni karatasi nene, na wachoraji walichora juu yake mfano wa ukubwa kamili kabla ya kuuhamishia ukutani au kwenye zulia la ukutani. Kiingereza kilichukua neno hilo kuwa *cartoon*, na maana ya katuni ilikuja baadaye sana. National Gallery ya London ina *cartoon* ya Leonardo ya Bikira Maria na mtoto, pamoja na Mtakatifu Anna na Yohana akiwa mdogo. Victoria and Albert Museum ya jiji hilohilo ina *cartoons* za Raphael, zilizoandaliwa kwa ajili ya mazulia ya ukutani ya kanisa la Sistina. Michoro hiyo ni mikubwa, ya rangi, na ukisimama mbele yake hutawaza katuni hata kidogo.

Mengine ya makumbusho na vitabu?

*Mostra* ni *exhibition*. *Esibizione* ni mtu kuonyesha ufundi wake mbele za watu, *performance*. *Pennello* ni brashi ya kuchorea, *brush*, na *pencil* ni *matita*. *Cornice* ni fremu ya picha, *frame*. Ya Kiingereza ni urembo wa juu ya ukuta. *Natura morta* ni *still life*. *Romanzo* ni riwaya, *novel*, lakini *novella* ya Kiitaliano ni hadithi fupi, na *romance* ni ya mapenzi.

## Kutoa maoni

Nilimwambia mwalimu tamasha lilikuwa *noisy* akacheka. Kwa nini?

Ulitaka *noioso*, yaani la kuchosha: *boring*. *Noisy* ni lenye kelele. Na wewe uliyechoshwa, *annoiato*, ni *bored*. *Annoyed* ni uliyekerwa.

Hatari kubwa zaidi ni *suggestivo*. Mwitaliano akisifu ukumbi uliowashwa mishumaa husema ni *suggestivo*, yaani unaamsha hisia. *Suggestive* ya Kiingereza mara nyingi ni yenye kudokeza mambo ya kitandani. Tumia *evocative* au *atmospheric*. *Delusione* ni kuvunjika moyo, *disappointment*. *Delusion* ni kuamini jambo lisilokuwepo. *Morbido* ni laini, *soft*, na *morbid* ni mwenye kupenda habari za vifo. *Geniale* ni *brilliant*. *Genial* ni mtu mchangamfu. Upande wa pili, *terrific* si *terrificante*: ni sifa, nzuri sana.

## Hotelini pwani

Nimefanya kazi ya *animatore* hoteli za Watamu. Niandike *animator* kwenye wasifu?

Usiandike. *Animator* kwa Kiingereza ni mtu anayechora katuni zinazotembea, na mwajiri ataomba kuona michoro yako. Andika *entertainer*, au *hotel entertainer*, kisha eleza ulichofanya: *hosted evening shows*, *led dance classes*, *ran children's activities*. Hoteli zenye wageni wa Ulaya bara husema *animation team* na wanaelewana humo ndani, ila mgeni wa kutoka Manchester atakuuliza unamaanisha nini.

*Baby dance*, ile dansi ya watoto ya jioni, ni *kids' disco* au *mini disco*. *Balli di gruppo* ni *group dances*. *Cabaret* kwa Mwitaliano ni vichekesho vya jukwaani. Mwingereza atategemea waimbaji na wachezaji, kwa hiyo kwenye ubao wa ratiba andika *comedy show*. *Night* peke yake haimaanishi klabu, andika *nightclub*.

## Maswali ya pembeni

Mwanangu anasema *art* na *heart* sawasawa. Nifanyeje?

Kiitaliano hakitamki *h*, na mtoto aliyekulia huko huiacha, au huiweka mahali isipotakiwa. Msaidie kwa Kiswahili: mwache aseme *hodi*, *haya*, *hapa*, kisha aihamishe *h* ileile kwenye *harp* na *heart*. Tabia ya kumalizia neno kwa irabu tunayo wote, wao na sisi, kwa hiyo hapo hatuna cha kumfundisha isipokuwa kusikiliza pamoja naye. *Scene* hutamkwa kama “siin”, si *sh* ya *scena*. *Choir* huwasumbua Waitaliano sana. Mtoto wa Kiswahili aikumbuke *kwaya* na amemaliza.

*Graffiti* ni umoja au wingi? Na *music*?

Kiitaliano kina *graffito* na *graffiti*. Kiingereza cha kila siku huchukulia *graffiti* kama kitu kisichohesabika: *the graffiti is new*. *Paparazzi*, lililotokana na jina la mhusika wa filamu ya Fellini ya 1960, kwa Kiingereza bado ni wingi. *Confetti* ni vipande vya karatasi vya kurusha harusini. Kwa Mwitaliano *confetti* ni lozi zilizovikwa sukari, na karatasi ni *coriandoli*, kwa hiyo usiagize kwa simu bila kuhakikisha. *Music* na *applause* hazihesabiki: sema *a piece of music* na *a round of applause*.

Majina ya kazi za sanaa niyatafsiri?

Inategemea sanaa. Opera hubaki na jina la asili hata kwenye mabango ya Covent Garden, jumba la opera la London: *La traviata* ni *La traviata*. Michoro hutafsiriwa, kwa hiyo *Nascita di Venere* ni *The Birth of Venus*. Filamu usitafsiri mwenyewe kamwe, kwa kuwa kila nchi huzipa jina lake la soko na mara nyingi halihusiani na la asili. Tafuta jina lililotumika Uingereza au Marekani. Ukilikosa, taja la Kiitaliano, mwongozaji na mwaka, na mwenzako atalipata.